Siku Mbinya Alipotuketisha Chini

Mke wangu Mbinya hajui kunong'ona. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akafikiri namsifu kwa sababu ni mke wangu. Ana kasoro zake, na hiyo ndiyo ya kwanza: akiongea na kuku wake nyuma ya jiko, jirani wa ng'ambo ya korongo anajua ni kuku yupi hajataga. Kasoro ya pili ni kwamba hasahau. Ukikosa kufika kuchimba mwaka wa 1994 ukasingizia ugonjwa, mpaka leo mkikutana Tawa siku ya soko atakuuliza ulipona lini.

Mimi ni Ndolo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Huku kwetu, upande wa Mbumbuni, wananiita Mwalimu, na yeye wanamwita Mama Nthenya kwa jina la kifungua mimba wetu. Lakini ukisema tu "mwenyekiti" bila kueleza wa nini, hakuna atakayedhani unamtaja diwani au mzee wa kanisa. Watakuonyesha njia ya kwangu, na watakwambia umkute kabla hajaenda shambani.

Ni mwenyekiti wa mwethya. Mwethya ni kazi ya pamoja: leo mnachimba matuta kwa mama fulani, kesho kwa mwingine, na kiangazi kikikaza majirani wa vilima vyote mnashuka mtoni kujenga silanga, ukuta wa mawe na saruji unaozuia mchanga, na mchanga nao ukahifadhi maji. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Asubuhi, kabla jembe la kwanza halijainuliwa, watu wote huketi chini, kila utui mahali pake. Utui ni majirani wa kilima kimoja, wanaozikana na kuozana. Kiongozi wa kila utui husimama akasema: hawa ni wetu, fulani ameenda kujifungua, fulani ni mvivu tu. Hakuna karatasi. Mwenyekiti hupita, huuliza, huridhika, kisha kila utui hupewa kipande chake cha kuchimba. Mbinya amefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita. Alianza akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo sasa ni mke wa mtu.

Sasa nimwingize ndugu yangu Kyule, maana bila yeye hadithi hii haipo.

Kyule ndiye kitinda mimba wa mama yetu, Kalekye. Baba alifariki Kyule akiwa darasa la pili, nami nikiwa nimeajiriwa mwaka huohuo. Nilimlea. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, nikamchapa mimi mwenyewe, na nikamlipia karo mpaka kidato cha nne. Leo ananunua ndengu kule Kabati, upande wa Kitui, na kuzisafirisha kwa lori lake. Ana roho nzuri, hilo silikatai. Lakini kwenye mwethya hukumwona. Zamu yake ikifika alituma mtu wa kumchimbia. Utaratibu unaruhusu, na mimi nilikuwa wa kwanza kumtetea. Nilisema ana shughuli nyingi. Mbinya alinijibu kwamba hata kunguni wana shughuli nyingi.

Mwaka wa 2022 Kyule akaamua kuwania kiti cha mwakilishi wadi. Kwetu mambo hayo hayana siri: kuna chama kimoja chenye nguvu, na ukipata tikiti yake mwezi wa nne, kwenye uchaguzi wa mwezi wa nane unaenda tu kuchukua cheti. Vita vyote vilikuwa ndani ya chama. Mpinzani wake alikuwa Mulwa, fundi wa pampu, mtu mkimya anayeshika kofia yake mikononi anapoongea.

Mbinya alimpigia Kyule kampeni kwa miezi mitatu. Si kwa undugu peke yake. Silanga ya Ndauni, kilima cha jirani, ilikuwa imesimama nusu miaka minne, ukuta umefika magotini, saruji imekwisha. Akina mama wa Ndauni walikuwa bado wanatembea kilomita saba kutafuta maji. Kyule alimwahidi mbele yangu kwamba akipita, silanga hiyo itamalizwa kabla ya kitu kingine chochote. Basi mke wangu akafunga leso kiunoni, akapanda vilima vyote. Alipofika nyumba ya watu, hakuimba wala hakucheza. Alisema, "Mimi mnanijua. Huyu kijana ni wa kwangu. Asipomaliza silanga, kujeni mnishike mimi." Na watu walikubali kwa sababu ya hayo maneno mawili ya kwanza. Alikuwa ameweka jina lake lote mezani kwa ajili ya Kyule, na kila mtu alilijua hilo, Kyule mwenyewe akiwa wa kwanza.

Siku ya mchujo tulikusanyika kwenye uwanja wa shule ya Kwa Mbithi. Afisa wa chama alikuwa kijana wa Garissa aitwaye Mohamedamin, mpole, shati limepigwa pasi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na alipokataa chai ya akina mama, wengine walinuna, mpaka Mbinya akawaambia mtu amefunga na wamwondoe juani. Walimwekea meza kwenye kivuli cha ukuta wa darasa la nane. Akafungua masanduku yake. Karatasi za kura zilikuwa za wadi nyingine kabisa, tena ya kaunti nyingine, zenye majina ya watu tusiowajua. Sajili ya wanachama ilikuwa na kurasa tatu, na jina langu limeandikwa mara mbili.

Alipiga simu kwa muda mrefu akizungukazunguka. Aliporudi alisema tutapiga kura ya mlolongo. Wa Kyule wasimame huku, wa Mulwa kule, ahesabu, amalize.

Tukapanga laini. Mimi nilisimama kwa Kyule, mbele kidogo ya katikati, nimevaa koti langu la kustaafia. Mbinya alikuwa mbele yangu. Laini yetu ilikuwa ndefu, ilizunguka goli ikarudi, nami nilisikia raha moyoni, kusema kweli. Mtoto niliyemlea.

Halafu watu wa Mulwa wakaanza kupiga kelele. Walikuwa wanaonyesha kidole nyuma ya laini yetu. "Hawa ni watu wa wapi?" mmoja alisema. "Mimi nimezaliwa hapa na hii sura sijawahi kuona." Wa kwetu wakajibu. Maneno yakapanda, mtu akaokota jiwe, mwingine akavua shati. Mohamedamin akapanda juu ya kiti, na sauti yake haikufika popote.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo sikulisema kwa mwaka mzima. Asubuhi ile, nikienda uwanjani, nililiona lori la Kyule nyuma ya kinu cha unga. Watu walikuwa wanashuka. Nilimuuliza Kyule ni akina nani. Alicheka, akanishika bega, akasema, "Ni wapakiaji wangu tu wa Kabati, Mwalimu. Wamekuja kunishangilia." Na mimi, mwanaume niliyetumia maisha yangu kuwakamata watoto wanaonakiliana hesabu, niliamini. Au tuseme nilichagua kuamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi.

Mohamedamin alishuka kwenye kiti akaanza kukusanya makaratasi. "Wazee wangu, mama zangu, nisameheni," alisema. "Kama hamwezi kuelewana, nitaandika kwamba zoezi limeshindikana. Tikiti itaamuliwa Nairobi." Sote tulijua maana yake. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye pesa, anayeishi Nairobi tangu utoto, aliyekuwa akiisubiri tikiti hiyo kwa njia ya simu. Ndauni hata hajui iko wapi.

Mbinya akatoka kwenye laini. Alienda mpaka mezani, nasi tulisikia kila neno, kwa ile kasoro yake niliyowaambia.

"Kijana wangu, ngoja kidogo. Nipe dakika kumi nikuonyeshe ni nani wa hapa na ni nani mgeni."

"Mama, sajili yenyewe ndiyo hii. Nitatumia nini?"

"Sajili iko kwa watu."

Kijana alimtazama, akamtazama yule aliyevua shati, akaketi. Mbinya aligeuka akatukabili, watu karibu mia nane, mikono ameiweka nyuma.

"Laini zivunjike," alisema. "Kila utui ukae chini kama siku ya kazi. Ndauni chini ya goli. Kyanzou hapa. Ngiluni kando ya choo, na msiseme nawaonea, mmekuja mmechelewa. Kwa Mbithi mbele ya bendera. Mawe yawekwe chini, hatujengi leo."

Watu waliketi. Sijawahi kuona kitu kama kile shuleni kwa miaka thelathini na minne niliyofundisha, na nilikuwa na fimbo. Wa Mulwa na wa Kyule waliotaka kuumizana walijikuta bega kwa bega, kwa sababu ni wa kilima kimoja na ndipo wanapoketi siku zote. Wazee walitandaza makoti. Akina mama walikunja miguu. Hata dakika tano hazikuisha.

Waliobaki wamesimama walikuwa wanaume arobaini na watatu, katikati ya uwanja, wakitazamana kama wageni wa harusi waliokosea boma. Hilo ndilo kosa alilofanya ndugu yangu, na ni kosa la mtu ambaye hakuwahi kushika jembe kwenye mwethya. Alifikiri watu arobaini hupotea ndani ya mia nane. Angechimba nasi hata siku moja, angejua kwamba huku hakuna anayepotea.

Kyule hakuwa mjinga, lakini. Niliona mkono wake ukipunga chini chini. Wale watu wakaanza kusogea wakaja kuketi nyuma yetu, Kwa Mbithi, utui wa nyumbani kwake. Mmoja aliketi karibu nami kabisa. Alinukia vumbi la ndengu.

Mbinya akaanza kupita. "Ndauni, hawa wote ni wenu?" Kiongozi akasimama, akatazama, akasema ni wao. "Kyanzou?" Ni wao. "Ngiluni?" Ni wao, isipokuwa mmoja ambaye ni mkwe amekuja kutembea, na akaondoka mwenyewe akicheka. Kisha Mbinya akafika kwetu.

Kiongozi wa mwethya wa Kwa Mbithi ni mimi. Nilichaguliwa nilipostaafu, nadhani ili nisikae nyumbani nikimsumbua mke wangu.

Alisimama mbele yangu. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyetu, yakarudi. Alikuwa ameshaona. Alijua watu hao wameletwa na nani, na niliona uso wake ukijua. Miezi mitatu ya kupanda vilima, jina lake lote, silanga ya Ndauni. Angeweza kugeuka akasema utui huu uko sawa, na Mohamedamin angehesabu.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ileile aliyowauliza wengine. "Hawa wote ni wa kwetu?"

Nilisimama. Kyule alikuwa nyuma yangu hatua mbili, nikimsikia anavyopumua. Mama yetu alikuwa ameketi mbele, fimbo magotini, ananitazama. Nilikohoa. Nilirekebisha koti. Nilitamani mvua inyeshe, mwezi wa nne huo, na mbingu ilikuwa safi kama sahani.

"Mwalimu, sema tu," Kyule alininong'onezea. "Ni neno moja."

Mbinya hakunihimiza. Alisubiri, jinsi anavyomsubiri mtu aliyekuja kazini bila jembe aeleze mwenyewe. Nilimtazama mke wangu, nikaona aibu. Sikuona aibu kwa ajili ya Kyule. Niliona aibu kwamba mwanamke huyu alikuwa ananiuliza swali ambalo nilikuwa na jibu lake tangu asubuhi.

"Hapana," nilisema. "Hawa arobaini na watatu siwajui. Wamekuja kwa lori."

"Asante, Mwalimu."

Aliwageukia wale wanaume akawaambia bila ukali wakae kando ya ua, kwamba wametoka mbali na jua ni kali, na akaagiza wapewe maji. Kisha akawaambia waliobaki wapange laini upya, wa Kyule huku, wa Mulwa kule.

Na hapa ndipo watu wengi husimulia vibaya, ndiyo maana naandika. Wanasema Mbinya alimgeuka shemeji yake. Nilikuwepo. Laini zilipopangwa, mke wangu alivuka uwanja mzima akaenda kusimama kwa Kyule. Alisimama hapohapo alipokuwa mwanzo, mbele yangu, mgongo umenyooka, mpaka Mohamedamin akampita na kumhesabu. Alikuwa ameahidi kumpigia kura na alimpigia.

Mulwa alipata watu mia tatu tisini na sita. Kyule mia tatu sabini na mmoja. Mtaniambia nyinyi wale arobaini na watatu wangefanya nini.

Mohamedamin alipokuwa akifunga masanduku alimwambia Mbinya kwamba alikuwa amesimamia vituo vitano wiki hiyo, na hiki ndicho cha kwanza ambacho angeweza kukiandikia ripoti bila kupunguza neno. Mbinya alimuuliza atafungulia saumu wapi, maana Machakos anakorudi ni mbali, akamfungia maembe mawili kwenye gazeti.

Mimi nilijivuna siku ile. Lakini kujivuna hakukuleta amani nyumbani. Kyule aliondoka na lori lake bila kutuaga. Mama aliacha kula chakula cha Mbinya; alisema amelishwa vya kutosha siku ya mchujo. Kanisani, mke wa Kyule alihama benchi. Na mwezi wa sita ukoo ukamwita Mbinya kikaoni, wazee kumi na wawili, wakamwambia ameuangusha ukoo uliomwoa, na kwamba atoe mbuzi.

Mbinya aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mbuzi nitaleta," alisema. "Tena nitaleta ile kubwa. Lakini kwanza mmoja wenu aniambie jina la mtu mmoja tu kati ya wale arobaini na watatu. Jina moja. Kama ni wa ukoo wetu, mnayajua majina yao."

Wazee walitazama chini. Mmoja alijaribu kusema kwamba hilo si swali. Basi Mbinya akawaaga kwa heshima zote, mmoja mmoja, akaenda zake. Mbuzi yule bado tunaye, amezaa mara tano.

Msifikiri hakuumia. Aliumia. Nilimkuta siku moja kwenye matuta, jembe limelala, analia kwa sauti ile yake isiyojificha. Aliniambia, "Huyu Kyule nilimwogesha mimi nikiwa bibi harusi. Sasa ananipita kwa barabara kama mti." Nilichukua jembe nikachimba mpaka mstari ukaisha.

Mulwa alichukua kiti. Silanga ya Ndauni ilimalizwa mwaka wa pili, kwa sababu Mbinya alimwendea kila Jumatatu mpaka akaimaliza. Mulwa aliniambia alikuwa akimsikia akiwa bado ng'ambo ya mto.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya ibada, tulikuwa tumeketi nje tukichambua pojo. Uchaguzi uko mwaka ujao na redio haina habari nyingine. Nikaona mtu anapanda njia ya kwetu kwa miguu. Alikuwa Kyule. Miaka minne alikuwa hajavuka lango letu. Amenenepa, na nywele zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio, kama za baba.

Alinisalimia mimi kwanza, kisha akabaki amesimama mbele ya mke wangu.

"Mama Nthenya," alisema. "Nasimama tena."

"Nimesikia."

"Sijaja kukuomba kampeni." Alitazama viatu vyake, vilivyojaa vumbi. "Wanasema tutafanya tena kwa laini. Mimi nimeenda kwa ofisi ya chama, nimewaambia nataka wewe ndio uite motui, utui mmoja baada ya mwingine. Mulwa pia amekubali."

Mbinya aliacha kuchambua. "Kwa nini mimi?"

"Juu nikishinda nikiwa nimehesabiwa na wewe, hakuna mtu hapa atasema niliiba."

"Na kama kuna watu wa kutoa, nitawatoa."

"Najua. Lakini hii mara hawatakuwa." Kisha akasema polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni, "Nimechimba Kyanzou wiki mbili sasa. Mimi mwenyewe. Uliza kiongozi wao."

"Niliuliza," Mbinya alisema. "Alisema unachimba vibaya, lakini unafika mapema."

Akasogea kwenye benchi, akampa nafasi, na akamsukumia ungo wa pojo. Kyule aliketi akaanza kuchambua. Mimi niliingia ndani nikijifanya natafuta miwani, kwa sababu macho yalikuwa yameniharibikia. Kusoma na kuandika nilimfundisha mimi Kyule, na kwa miaka mingi nimejisifia hilo mbele ya watu. Sitajisifia tena. Hili jingine, la kuja mwenyewe kuhesabiwa, ambalo ni gumu zaidi, amelipata kwa mke wangu.